Imetengenezwa, imeharibika tena: fanya haya kabla hujairudisha kwa fundi

"Tuachie, tutaiangalia tena." Maneno haya husemwa kwa upole, na mara nyingi anayeyasema hana nia mbaya. Lakini ukiyaitikia mara ya pili, ya tatu, ya nne, unajikuta umekuwa mchukuzi wa kifaa chako mwenyewe, kutoka nyumbani hadi dukani na kurudi, huku siku za waranti zikizidi kuyoyoma. Mimi niliingia mtego huo na mashine ya kufulia. Ilitengenezwa mara tatu ndani ya miezi minne, na kila iliporudi nilipewa karatasi yenye maneno yale yale: "Imekaguliwa. Iko sawa." Siku nilipochoka na kudai pesa zangu, meneja alizitandaza karatasi zote tatu mezani akaniuliza taratibu, "Sasa ndugu yangu, tatizo liko wapi hapa?" Kwa mujibu wa karatasi zile, mashine yangu haikuwahi kuharibika hata siku moja.

Sikujua wakati ule kwamba matengenezo yaliyoshindikana hubadilisha mambo. Katika sheria nyingi za kumlinda mlaji, muuzaji hupewa kwanza nafasi ya kurekebisha kasoro. Akishaitumia nafasi hiyo na kasoro ikabaki, zamu ya kuchagua huhamia kwako: ubadilishiwe, urudishiwe pesa, au ubaki na kifaa kwa bei iliyopunguzwa. Ila zamu hiyo haiji yenyewe. Ni lazima uidai kwa maandishi, na wakati mzuri wa kuidai ni kabla hujakikabidhi kifaa kwa mara ya pili.

Hatua ya 1: Andika dalili, usiandike ugonjwa

Kama kifaa kinatoa moshi, kinapiga shoti, au betri imevimba, chomoa umeme, usikiwashe tena, na uruke moja kwa moja kwenye barua (Hatua ya 5). Hakuna video yenye thamani ya kuunguza nyumba.

Kama hakina hatari, kaa nacho kwanza siku moja au mbili ukikusanya ushahidi. Watu wengi huharibu hapa. Wanakwenda dukani wakisema "simu ni mbovu" au, vibaya zaidi, "nadhani ni bodi." Ukishataja ugonjwa, fundi atapima hicho ulichotaja, atakikuta kizima, na ataandika kizima. Kazi yako ni kueleza kile unachokiona. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Simu inazimika ovyo."

"Simu inajizima chaji ikiwa kati ya asilimia 30 na 40, ikiwa haijachomekwa, kwa kawaida kamera ikiwa imefunguliwa. Imetokea mara 5 tangu irudi kutoka kwa fundi tarehe 4."

Ya pili inampa fundi pa kuanzia, na inampa msuluhishi au hakimu kitu cha kuhesabu.

Piga video. Anza na namba ya utambulisho iliyobandikwa mgongoni au chini ya kifaa (kwa simu, piga *#06# na namba itatokea kwenye kioo), kisha sogea hadi kwenye kasoro bila kukata. Video iliyokatwa katikati huzaa swali la kama kifaa ni kile kile. Kwa kasoro inayokuja na kuondoka, ile inayojificha kila ukifika kaunta, weka daftari dogo: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, kilitokea nini, ulikifanyaje kirudi. Mistari kumi ya namna hiyo inatosha kumjibu mtu anayesema "kwetu hakijaonyesha tatizo."

Halafu jiulize swali ambalo muuzaji ataliuliza: je, hii ni kasoro ile ile au ni nyingine? Usilijibu haraka. Mashine yangu mara ya kwanza iligoma kukamua nguo, mara ya pili ikamwaga maji sakafuni, mara ya tatu ikatoa mlio wa chuma kusaga chuma. Kwa duka hayo yalikuwa matatizo matatu mageni, kila moja linastahili "nafasi ya kwanza." Kwangu ilikuwa mashine moja mbovu. Sheria hazifanani katika hili. Ya Afrika Kusini imelisema wazi: bidhaa ikitengenezwa, kisha ndani ya miezi 3 kasoro ikawa haijaondoka au ikaonekana kasoro nyingine, muuzaji anatakiwa abadilishe bidhaa au arudishe pesa. Australia nayo ilirekebisha sheria yake mwaka 2020 ili kasoro ndogo mbili au zaidi ziweze kuhesabiwa kwa pamoja kuwa kasoro kubwa, iwapo mtu wa kawaida asingeinunua bidhaa hiyo angelijua zote tangu mwanzo. Kwa hiyo hata kama dalili imebadilika, usimkubalie mtu akuanzishie hesabu upya. Ziandike zote kwenye karatasi moja, kwa mfuatano wa tarehe.

Hatua ya 2: Pata karatasi ya matengenezo ya kwanza, yenye maelezo

Risiti ya kununulia kila mtu anaikumbuka. Karatasi inayosahaulika ni ile ya fundi. Bila hiyo huwezi kuthibitisha kwamba nafasi ya kurekebisha ilishatolewa. Iwe na vitu vitano: tarehe uliyokikabidhi kifaa, malalamiko yako kama ulivyoyasema, kilichogunduliwa, kilichofanywa (spea gani imebadilishwa, programu gani imewekwa upya), na tarehe uliyokichukua.

Kama ulipewa ile ya "iko sawa," au hukupewa kitu, rudi ukaombe nakala kamili. Maduka mengi na vituo vya huduma huweka rekodi kwenye kompyuta, na rekodi ya ndani huwa na maneno mengi kuliko karatasi ya mteja. Ukinyimwa, tuma ujumbe wa maandishi ukisema: "Nathibitisha kwamba niliikabidhi kwenu tarehe fulani kwa tatizo fulani, nikaichukua tarehe fulani. Naomba mnijulishe kilichorekebishwa." Hata wasipojibu, ujumbe wenyewe umeshakuwa kumbukumbu. Meseji za "kifaa chako kiko tayari" na picha uliyopiga siku ya kukipeleka nazo ni ushahidi. Usizifute.

Kudai maelezo si ukorofi. Kuna kesi ya Uskoti iliyofika hadi ngazi ya juu kabisa ya rufaa ya Uingereza wakati huo, House of Lords, na kuamuliwa mwaka 2007. Wakulima walinunua mashine ya kulimia na kupanda mbegu. Ikawa inatetemeka kupita kiasi, muuzaji akaichukua kuirekebisha, kisha akawaambia iko tayari, imerudishwa katika kiwango cha kiwandani. Walipouliza ilikuwa na nini, hawakuambiwa. Baadaye wakasikia pembeni kwamba ilikosa beringi, wakaingiwa na wasiwasi kuwa huenda kufanya kazi bila beringi kumeumiza sehemu nyingine. Wakaomba ripoti ya fundi, wakanyimwa, wakaikataa mashine. Mahakama ikawapa haki, ingawa mashine yenyewe ilikuwa imeshatengenezwa vizuri: mnunuzi hawezi kuamua kwa busara kama aipokee bidhaa au aikatae ikiwa muuzaji amemficha kilichokuwa kibovu. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la "iko sawa" zote duniani.

Hatua ya 3: Tofautisha ahadi ya kiwanda na wajibu wa muuzaji

Kadi ya waranti iliyomo ndani ya boksi ni ahadi ya kampuni iliyounda bidhaa. Ina masharti yake, na mara nyingi inajiwekea haki ya kutengeneza tena na tena. Pembeni yake, au tuseme juu yake, kuna wajibu wa kisheria wa yule aliyekuuzia: bidhaa iwe na ubora unaokubalika, ifae kwa kazi yake, ilingane na maelezo. Wajibu huu hautoki kwenye kadi, na kwa sheria nyingi za walaji, tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" haliwezi kuufuta. Unapoambiwa dukani "hilo ni la kampuni, wapigie wao," unasukumwa kutoka kwenye haki yenye nguvu kwenda kwenye ahadi yenye masharti. Unaweza kuitumia waranti ukipenda, na kuna nyakati kiwanda ni chepesi kuliko duka, lakini uichague wewe kwa kujua.

Sasa, muuzaji anastahili majaribio mangapi? Jibu linategemea sheria inayotawala mauzo yenyewe, kwa hiyo itafute na usome kifungu cha "suluhu" au "marejesho" kabla hujaandika chochote. Mifano michache itakuonyesha jinsi zinavyopishana.

Uingereza, kwa Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, ni jaribio moja. Bidhaa ikitengenezwa au ikibadilishwa mara moja na bado ikawa haifai, mnunuzi anaweza kuikataa au kudai punguzo la bei. Ndani ya siku 30 za mwanzo hahitaji hata kutoa nafasi hiyo moja, na akikubali matengenezo katika kipindi hicho, saa ya siku 30 husimama hadi kifaa kirudi.

Umoja wa Ulaya, kwa Agizo la 2019 linalotumika tangu Januari 2022, unampa mnunuzi dhamana ya kisheria ya angalau miaka 2. Kasoro ikijitokeza licha ya muuzaji kujaribu kurekebisha, mnunuzi anaweza kudai punguzo au kuvunja mkataba. Matengenezo lazima yawe bure, yafanyike katika muda wa kuridhisha, na bila usumbufu mkubwa. Agizo jingine la mwaka 2024 kuhusu haki ya kutengenezewa, la kutumika kuanzia mwisho wa Julai 2026, linaongeza miezi 12 juu ya dhamana hiyo pale mnunuzi anapochagua matengenezo.

Marekani mambo yamegawanyika. Sheria ya shirikisho ya waranti ya 1975 inasema bidhaa yenye waranti inayoitwa "kamili" ikishindikana kurekebishwa baada ya majaribio ya kuridhisha, mnunuzi achague pesa au bidhaa nyingine. Kwa magari kuna sheria za majimbo, zilizoanzia Connecticut mwaka 1982, na kipimo cha kawaida ni majaribio manne kwa kasoro ile ile au gari kukaa gereji siku 30 kwa jumla. Kipimo hicho cha pili nakipenda, kwa sababu kinahesabu kitu ambacho wauzaji hawapendi kihesabiwe: siku ulizokaa bila mali yako.

Halafu kuna nchi ambazo msingi wake ni sheria ya zamani zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Uingereza ya 1893 ilinakiliwa katika makoloni mengi, na sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya uti huo huo. Sheria ya aina hii haina ngazi ya "tengeneza kwanza, kisha badilisha." Inasema bidhaa iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi, na inakupa haki ya kuikataa au kudai fidia. Mtego wake ni mmoja: ukikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kusema umeikataa, unahesabiwa umeikubali, na hapo unabaki na fidia tu. Ndiyo maana mtu anayezungushwa kwa fundi kwa miezi kadhaa, akiwa kimya, anaweza kuwa anapoteza haki kubwa bila kujua. Ukikubali matengenezo chini ya sheria ya namna hii, andika: "Nakubali itengenezwe bila kuacha haki yangu ya kuikataa ikishindikana." Sentensi fupi, lakini inaziba tundu kubwa.

Hatua ya 4: Amua unataka nini, kimoja

Mtu anayesema "nataka mnisaidie" husaidiwa kwa kutengenezewa tena. Chagua.

Kubadilishiwa kunafaa kama unaamini umeangukia kifaa kimoja kibovu na toleo lenyewe ni zuri. Uliza kama utapewa kipya au kilichokarabatiwa, na dhamana yake inahesabiwa kuanzia lini. Kupunguziwa bei kunafaa pale kasoro inapovumilika: mlango wa friji unaofunga kwa kusukumwa, spika moja kati ya mbili. Kurudishiwa pesa kunafaa pale imani imekwisha, na kwa kasoro iliyorudi baada ya kutengenezwa, mara nyingi imekwisha. Angalia usije ukapewa vocha ya duka badala ya pesa. Vocha inakufunga kununua tena kwa mtu yule yule.

Muuzaji anaweza kusema atakata kiasi kwa matumizi. Katika baadhi ya sheria anaruhusiwa, katika nyingine ana mipaka. Uingereza, kwa mfano, hairuhusiwi kukata kitu ndani ya miezi 6 ya kwanza, isipokuwa kwa magari. Kama makato yanaruhusiwa, fanya hesabu mwenyewe kabla hujafanyiwa. Chukua kifaa ambacho kwa kawaida hudumu miezi 60. Umekaa nacho miezi 9, lakini 3 kati ya hiyo kilikuwa kwa fundi. Umekitumia miezi 6, yaani sehemu moja ya kumi. Makato ya robo au nusu ya bei hayana msingi, na ukiwa na hesabu hii mkononi mazungumzo huwa mafupi. Miezi ya gereji si miezi ya matumizi.

Hatua ya 5: Andika barua, hata kama utaituma kwa simu

Barua pepe au ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi una tarehe na umekwenda kwa namba au anwani rasmi ya duka. Usiandike kwa hasira. Atakayeisoma baadaye huenda akawa mtu wa tatu, na mtu wa tatu huvutiwa na tarehe kuliko matusi. Mfano:

*Kwa Meneja,*

*Tarehe ........ nilinunua kwenu ........ yenye namba ya utambulisho ........, risiti namba .........*

*Tarehe ........ niliirudisha kwa sababu ......... Mliitengeneza na kunikabidhi tarehe ......... Tarehe ........ kasoro ilijitokeza tena: ......... Naambatanisha video, nakala ya risiti na fomu ya matengenezo.*

*Mmeshapata nafasi ya kurekebisha na bidhaa bado haifai kwa kazi yake. Kwa hiyo naikataa bidhaa hii na naomba kurudishiwa bei kamili niliyolipa. Sikubali itengenezwe tena. Iko tayari kuchukuliwa, na kwa sasa siitumii.*

*Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko kwa mamlaka inayolinda walaji na kudai mahakamani.*

Maneno "siitumii" si mapambo. Ukishasema umeikataa bidhaa kisha ukaendelea kuitumia kila siku, unampa muuzaji hoja ya kwamba umeikubali. Kama huwezi kabisa kukaa bila hicho kifaa, omba wakupe cha kuazima, na uombe kwa maandishi. Muda wa siku 14 ni wa busara tu, si amri ya sheria. Kwa kitu cha lazima kama friji unaweza kuweka 7.

Hatua ya 6: Jiandae kwa majibu manne

La kwanza ni "umeimwagia maji" au "imeanguka." Usibishane kwa mdomo; omba ripoti ya maandishi yenye picha inayoonyesha maji yalipoingia. Kisha uliza swali hili: kama kuna alama ya maji, kwa nini haikuonekana mlipoifungua mara ya kwanza? Kifaa kilichopita mikononi mwa fundi wao na kukabidhiwa kama kizima kinawawia vigumu kukigeuzia kibao baadaye. Kumbuka pia kwamba katika sheria kadhaa, kwa miezi ya mwanzo (6 Uingereza, 12 Umoja wa Ulaya), kasoro huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kununua, na ni muuzaji anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo.

La pili, "lakiri imevunjwa." Kama ulimpelekea fundi wa mtaani akaifungua, hapo umeumia kweli, ingawa si lazima uwe umeshindwa. Ndiyo sababu nakusihi usimruhusu mtu yeyote wa nje aguse kifaa kabla mzozo haujaisha. Ukihitaji maoni ya fundi huru, mwambie muuzaji mapema, mpe nafasi ya kuwapo, na umwombe fundi aandike alichokikuta bila kurekebisha kitu.

La tatu ni lile la "wapigie kampuni," ambalo tumeshalijibu.

La nne ndilo gumu, kwa sababu ni la kiungwana: "Tupe nafasi ya mwisho." Wakati mwingine ni sawa kuitoa. Spea sahihi imefika, fundi mwingine ameitwa, na wewe kweli unakipenda kifaa. Itoe basi, lakini kwa masharti yaliyoandikwa: tarehe ya mwisho ya kukirudisha, kifaa cha kuazima, dhamana isogezwe mbele kwa siku zote kilizokaa kwa fundi, na sentensi isemayo kwamba kikiharibika tena pesa zitarudi bila mjadala. Asiyetaka kuandika hayo hakuwa anaomba nafasi ya mwisho.

Hatua ya 7: Ukinyamaziwa, fuata njia pesa zilikopita

Kama ulilipa kwa kadi, ongea na benki yako. Mitandao mikubwa ya kadi ina utaratibu wa kurudisha malipo pale bidhaa inapokuwa na kasoro na muuzaji amegoma, lakini una kikomo cha muda, kwa kawaida siku 120, na benki itataka kuona kwamba ulijaribu kwanza kumalizana na muuzaji. Ile barua yako ndiyo watakayoiomba. Kama ulinunua kupitia soko la mtandaoni, fungua mzozo ndani ya mfumo wao kabla dirisha la malalamiko halijafungwa, na usikubali muuzaji akuhamishie mazungumzo nje. Kwa pesa taslimu au pesa za simu njia hii haipo. Huduma ya kurudisha muamala wa simu imekusudiwa kwa aliyekosea namba, si kwa aliyeuziwa kibovu.

Baada ya hapo ni mamlaka ya ushindani au ya kulinda walaji, kisha mahakama ya madai madogo mahali ilipo. Mahakama hizi zimeundwa kwa watu wasio na wakili. Peleka karatasi moja ya mfuatano wa tarehe ikiwa juu, na ushahidi nyuma yake kwa mpangilio huo huo. Hakimu mwenye kesi thelathini siku hiyo atakushukuru kimoyomoyo.

Kama uliyalipia matengenezo mwenyewe

Waranti ilikwisha, ukampa fundi kazi, ukalipa, na baada ya wiki mbili tatizo limerudi. Hapa unadai huduma, si bidhaa. Kanuni ya msingi ni kwamba kazi ifanywe kwa uangalifu na ujuzi unaotarajiwa kwa fundi wa kazi hiyo. Ikiwa haikufanywa hivyo, mwambie airudie bila malipo, na akishindwa arudishe sehemu au yote. Spea aliyoifunga inapaswa kuwa na dhamana yake peke yake. Afrika Kusini sheria imeiwekea miezi 3. Kabla hujalipa, omba uoneshwe spea ya zamani iliyotolewa, na uichukue. Inashangaza ni mara ngapi spea "iliyobadilishwa" haiwezi kupatikana.

Siku ya kupokea na siku ya kukabidhi

Mara nyingi utaombwa kusaini kwamba umekipokea kifaa "kikiwa katika hali nzuri," umesimama kaunta, foleni nyuma yako. Usigome kusaini. Andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "Nimepokea, bado sijajaribu," weka tarehe, piga picha karatasi. Kikijaribiwa mbele yako, kijaribu kwa ile dalili uliyoiandika, si kwa kukiwasha tu.

Na ukifanikiwa kurudisha, usikabidhi mikono mitupu ikirudi. Kwa simu na kompyuta, hamisha faili zako, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti zako zote kisha futa kila kitu. Simu iliyobaki imefungwa na akaunti yako inaweza kuchelewesha pesa. Piga picha kila upande, pamoja na vifaa vyake vyote. Pata karatasi inayosema nani amekichukua, lini, na kwamba kimerudishwa ili pesa zirejeshwe, si ili kitengenezwe.

Mashine yangu ilichukuliwa siku ya Jumamosi, wiki sita baada ya ile siku ya karatasi tatu mezani, na baada ya barua mbili na video ya dakika nne ya maji yakitambaa sakafuni. Kijana wa duka alikuja na fomu ile ile. Akainama, akaanza kuandika "Imekaguliwa..." Nikamwomba afute.